Siku Ngoma Ilipougua

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, Simba alikuwa na kikundi cha ngoma kilichotikisa msitu mzima. Tembo alipuliza baragumu, Kindi mdogo alitikisa kayamba, na Nyati alipiga ngoma kuu. Ah, Nyati! Akiigusa tu ile ngozi, nywele zinakusimama.

Lakini Simba alikuwa na sheria yake. "Kwangu hakuna kulialia! Mwenye huzuni abaki nayo kwao!"

Siku moja Nyati akamwita Kindi pembeni, akamkabidhi vijiti vya ngoma.

"Shika, mdogo wangu. Mimi sitavihitaji tena."

"Kulikoni, kaka?"

"Sina neno."

Moyo wa Kindi ukapiga pu! Mpiga ngoma hagawi vijiti vyake hivi hivi. Aliogopa, aliogopa sana, na alijua akiuliza tena atajibiwa yale yale.

Basi akaenda akaijaza ngoma majani kupitia tundu la chini, akaifunika kanga kama mgonjwa, kisha akapiga ukelele.

"Uwiii! Jamani, ngoma inaumwa! Njooni tuijulie hali!"

Wakubwa wakaja mbio, gidi gidi gidi! Simba akaigonga. Bu. Akaigonga tena. Bu.

"Iwekeni karibu na moto, ngozi ikaze," akasema Tembo.

"Moto hautibu ugonjwa usiojulikana," akasema Kindi, uso mkavu kama mganga. "Tegeni sikio. Kila mmoja aseme inaumwa nini."

Tembo akainama. "Maskini! Hailali. Inawaza mpaka kunakucha."

Simba akakohoa. "Inaogopa. Inanguruma ili watu wasijue."

Nyati akalaza paji la uso juu ya ngozi. "Imechoka. Kila mtu anaicheza, hakuna anayeiuliza. Inaona... inaona afadhali kesho isiamke."

Kindi akaipindua ngoma, akachomoa majani yote, akapiga. Ti-ndi! Ti-ndi! Sauti safi!

"Ngoma ni nzima, mabwana wakubwa. Haya, ule ugonjwa mliokuwa mkiutaja ni wa nani?"

Alifumba macho, akijua Simba atamrarua. Loo! Alipoyafumbua aliona chozi linateleza kwenye sharubu za mfalme.

"Wangu," akasema Simba.

"Na wangu," akasema Tembo.

"Na wangu mimi," akasema Nyati, akaangua kilio, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Msitu uliduwaa, wajukuu zangu! Nani aliwahi kuona Simba akikaa chini ili Nyati amwegemee begani?

"Ile sheria yangu imekufa leo," akasema Simba.

"Na leo tunalala kwako, Nyati," akasema Tembo. "Kesho tunakupeleka kwa mganga, sote."

Kindi akamrudishia vijiti. "Vyako, kaka. Piga utakapoweza."

Nyati akavipokea. Akapiga mara moja, polepole. Ndi.

Wote wakaitikia, "Tupo!"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na moyo nao huugua.