Ng'ombe wa Jua la Utosi

Sogeeni karibu, asiyeitikia, hadithi itampita.

Zamani zimwi mmoja alikuwa na zizi, na kila aliyefika alimwambia: "Chagua ng'ombe wa maziwa, awe wako. Ukikosea, utageuka kigingi cha kufungia ndama wangu."

Kaka mmoja wa msichana aitwaye Mwanasiti akaenda alfajiri, akachagua mwenye kiwele kikubwa. Akawa kigingi. Kaka wa pili akaenda alfajiri, akachagua mwenye ngozi ya kung'aa. Kigingi!

Mwanasiti, aliyeachiwa mtoto mchanga na marehemu dada yake, akaenda jua likiwa utosini.

"Umechelewa!" zimwi akanguruma.

"Asubuhi kila ng'ombe ni mzuri, babu."

Akatazama. Mwenye kiwele alikuwa akihema, ulimi nje. Wa kung'aa amelala kivulini, majani hataki. Mmoja mdogo mwenye nundu alikuwa palepale juani, akila nyasi bila haraka.

"Namtaka huyu."

"Huyo? Hajazi hata kibuyu!"

"Nusu kibuyu ya kila siku hulea mtoto."

Alikuwa amepatia! Zimwi akayeyuka kama samli. Vigingi viwili vikapiga chafya, vikawa watu, wakaanza kujieleza.

"Mtajieleza njiani," Mwanasiti akasema. "Shikeni kamba, mtoto ana njaa."

Hadithi nimeikamua, mwenye kibuyu akinge.