Mwalimu Asiyempa Mtu Kisogo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnanong'ona? Nasema paukwa!

Pakawa!

“Kaka yangu Appu yuko wapi?”

Msichana Chirutha aliuliza hivyo mbele ya wanafunzi wote. Mmoja alijikuna goti. Mwingine alijifanya anakaza kibwebwe.

Hapo ni Uhindini, mashambani huko Malabari, kwenye mpunga na pilipili manga. Kijiji hicho kilikuwa na kalari, ndicho chuo chao cha mapigano: shimo refu kama nyumba, kina chake kimo cha mtu, juu paa la makuti, chini udongo mwekundu. Watoto walishuka humo alfajiri kujifunza fimbo, ngao na teke la kuruka.

Mwalimu wao alitoka mbali, na alikuwa hodari kwelikweli. Siku zote alisimama pembeni, mgongo ukutani, nywele zimemfunika mabega. Kidole cha mwisho cha mguu wake wa kushoto alikifunga kitambaa, wala hakukikanyagia. Ukiingia, unamgusa miguu. Ukitoka, unatoka kinyumenyume. Na sheria kubwa ilikuwa moja: mwalimu haulizwi.

Siku moja mtoto mmoja hakurudi kwao. Siku nyingine, wa pili. Siku ya tatu, Appu. Mwalimu akasema, “Nimewatuma msituni, kwa mafunzo ya siri.” Basi, yakaishia hapo.

Chirutha akaenda kwa mama yake. “Mama, mimi kule sitaki kurudi.”

“Mwanangu, mwalimu haulizwi. Hebu tazama ngozi yako inavyong'aa kwa mafuta yake!”

Akaenda kwa jumbe, Mzee Raman, akamkuta anatafuna tambuu. “Mzee, watoto watatu hawajarudi.”

Jumbe akatema mate. “Mwalimu haulizwi. Na wewe mtoto wa kike, shukuru umeruhusiwa kushuka.”

Akaenda kwa bibi anayewasha taa ya kalari. “Bibi, hata wewe huoni?”

Bibi akautazama utambi. “Mwalimu haulizwi, mjukuu wangu.”

Watu wazima hao! Watatu, na wote wamekula chumvi nyingi.

Basi, akarudishwa kalari. Siku moja mwalimu akaita, “Chirutha! Zamu yako kukandwa.”

Kukandwa kwenyewe kulikuwa kwa miguu. Mwalimu hushika kamba iliyofungwa juu kwenye boriti, akamkanyaga mwanafunzi kwa nyayo zenye mafuta, kuanzia mabegani hadi visiginoni, ili viungo vilegee. Hata walimu wema hufanya hivyo. Ila huyu aliwatoa wengine wote nje kwanza.

“Lala kifudifudi, funga macho, nikulainishe.”

Akalala, kisu kakificha kibwebweni. Mafuta yakamwagwa, ya vuguvugu, yananukia kitunguu saumu. Chirutha akawaza: kitunguu saumu? Huyu anakanda au anapika?

“Lala kifudifudi, funga macho, nikulainishe.”

Akakanyagwa mabega, akakanyagwa kiuno.

“Lala kifudifudi, funga macho, nikulainishe.”

Mwalimu alipofika miguuni, Chirutha akajipindua chali, akafumbua macho. Katika kukanda tu ndipo mwalimu yule alipompa mtu kisogo. Nywele zikapeperuka. Loo! Kisogoni palikuwa na mdomo wa pili, mpana, mwekundu, na kati ya meno yake umebana kibwebwe cha Appu.

“Huyu kalainika,” mdomo ukasema. “Kamshinda kaka yake.”

Kumbe ni zimwi! Na kile kitambaa cha mguuni kimeloa mafuta, kimechomoka, na kidole kinadunda kama moyo. Chirutha akajua uhai wa zimwi uko wapi.

Hakulia. Hasira ilimkausha machozi.

“Kaka yangu yuko wapi?”

“Mwalimu haulizwi!” ikanguruma midomo yote miwili.

“Mimi nauliza!”

Akachomoa kisu kibwebweni mwake, akaudaka mguu, akakikata kidole kile. Zimwi likang'ang'ania kamba, lakini mikono ina mafuta, ikateleza, likaanguka puu! Tumbo likapasuka. Akatoka wa kwanza, akatoka wa pili, akatoka Appu, anakohoa, ananuka kitunguu saumu mwili mzima.

Kijiji kikaja mbio. Jumbe alipouona ule mdomo wa kisogoni, tambuu ikamdondoka.

“Masikini! Mbona hukutuambia, binti?”

“Nilikwambia, Mzee. Ulitema mate ukaniambia nishukuru.”

Mama akaangua kilio. Chirutha akamwacha alie.

“Basi, basi, yamekwisha,” jumbe akasema. “Tutatafuta mwalimu mwingine, mwenye sifa zake.”

“Tafuteni. Ila huyo atasimama katikati ya uwanja, tumzunguke. Na wa kwanza kumuuliza nitakuwa mimi.”

Safari hii hakuna aliyesema haulizwi.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Imemchoma mtu, na imchome. Mafunzo yake ni haya: heshima inayomziba mtoto mdomo humnenepesha zimwi. Basi nakuomba, wewe unayenisikiliza: mtoto akikwambia hataki kurudi mahali, usimrudishe. Nenda ukatazame mwenyewe kwanza.