Maji ya Nyuma ya Ukuta

Wapendwa, akina mama wenzangu, tuwatulize watoto kidogo. Kabla hatujaomba nina mfano mmoja, nao si mrefu.

Kulikuwa na mama mmoja, tumwite Mama Lusajo, aliyekaa mlimani katika mji wa baridi kama huu wetu, mbali kabisa na bahari. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi kubwa la kioo, na ndani yake samaki wa baharini. Si wa kukaanga, wa kutazama. Mume wake aliwatoa pwani ndani ya mifuko iliyojazwa maji na hewa, wa rangi ya chungwa, wa buluu, na mmoja mwenye mistari kama pundamilia. Mama Lusajo aliwapenda mno. Siku mmoja wao alipougua, alikaa mbele ya kile kioo mpaka ugali ukaungua jikoni, na mumewe alipouliza kuna harufu gani, akajibu kwamba mgonjwa hajala tangu asubuhi.

Nawaambia haya ili mjue alikuwa mtu wa huruma. Msije mkamfikiria vibaya mapema.

Sasa samaki wa bahari wana kazi. Maji yao lazima yabadilishwe. Kila Jumamosi Mama Lusajo alinyonya sehemu ya maji ya zamani kwa mpira, kisha akachanganya mengine kwenye ndoo na chumvi nyingi, akayamimina taratibu wasishtuke. Yale ya zamani kwa macho ni safi tu. Yanang'aa. Ungeyaweka kwenye glasi, mgeni angekunywa.

Mwanzoni aliyamwaga chooni. Baada ya muda choo kikaanza kugoma, na uani pakawa na harufu ya kuwakimbiza wageni. Fundi akaitwa, akafunua mfuniko wa shimo, akauliza humu mnamwaga nini. Alipoambiwa, akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba ndani ya shimo la choo kuna vijidudu vidogo visivyoonekana, ndivyo vinavyokula uchafu wetu usiku na mchana, na maji ya chumvi mengi namna ile yanaviua. Vikifa, shimo linajaa, na yaliyomo yanarudi ndani ya nyumba.

Mama Lusajo akaingiwa na huruma kweli. Akasema kumbe hata mle chini kuna wanaotutumikia na hatujawahi kuwashukuru. Tangu siku ile hakumwaga tena hata kikombe chooni. Alipitisha mpira kwenye dirisha la jikoni, akautoa nje juu ya ukuta wa nyuma, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa, na maji yakashuka upande wa pili. Choo kikapona. Harufu ikaisha. Akawasimulia majirani zake wa juu jinsi alivyolitatua jambo lile, wakamsifu.

Nawauliza, maji yakishuka mlima, huwa yanakwenda wapi?

Chini ya ukuta ule aliishi bibi mmoja na wajukuu zake wawili. Hakuwa na kitu kingine isipokuwa matuta yake ya mboga: figiri, chainizi, mchicha. Asubuhi alichuma na kupeleka gengeni, na kilichobaki ndicho walichokula. Mama Lusajo mwenyewe alikuwa mteja wake. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, bomba la mtaa lilitoa hewa tu, maji yalibaki kwa wenye matangi ya akiba kama Mama Lusajo, na watu wengine waliacha kulima kabisa.

Jumamosi moja Mama Lusajo ameshaweka mpira dirishani, maji yanatiririka nyuma, akasikia hodi getini. Ni yule bibi, na fungu la figiri limefungwa kwa kamba ya mgomba. Majani yalikuwa madogo, kingo zimeungua rangi ya kahawia. Mama Lusajo akamwamkia shikamoo, akamkaribisha kwenye kiti cha barazani. Bibi akakataa kukaa, akasema miguu ina vumbi na yeye amekuja kushukuru tu.

"Kunishukuru kwa lipi tena, bibi?"

"Kwa maji, mwanangu. Mtaa mzima hauna tone, wewe kila Jumamosi unanikumbuka. Nikiusikia mpira wako unamwaga, huwa nawaambia wajukuu, mnasikia, kuna mtu ana Mungu kule juu."

Bibi akaendelea kumweleza jinsi alivyochimba kamfereji kutoka chini ya ukuta mpaka kwenye matuta, asipoteze hata kidogo. Akasema mboga zimepata ugonjwa, zinaungua majani, anafikiri ni hili jua. Zinavyozidi kuungua ndivyo anavyozidi kuzimwagilia. Siku hizi hata maji yanayotuama kwenye mawe anayachota kwa kopo. Tuta la mwisho limebaki hilo alilochuma figiri hizi, na ameona heri limfikie aliyeliokoa. Kisha akasema kwa aibu, maana hakuwa mtu wa kuomba, kama isingekuwa usumbufu, je, maji yangeweza kutoka mara mbili kwa wiki?

Na wakati wote huo, wapendwa, mpira ulikuwa unamwaga. Waliusikia wote wawili. Bibi alikuwa akitabasamu kwa kuusikia.

Mama Lusajo alikimbia ndani hata bila kusema samahani. Akauchomoa mpira, maji yakamwagika sakafuni, akayaacha. Aliporudi hakuweza kumtazama yule bibi usoni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yale ni maji ya bahari, yana chumvi.

Bibi hakuelewa. Bahari ipo wapi hapa? Ikabidi waende pamoja. Walizunguka ukuta, na kwa mara ya kwanza Mama Lusajo akapaona mahali alipokuwa akimwagia. Udongo ulikuwa umefanya ukoko mweupe kama unga uliomwagika. Matuta yalikuwa yamelala. Bibi akainama, akaokota kidonge cha udongo, akakigusisha kwenye ulimi. Akakaa hapohapo chini.

"Ulijua yana chumvi?"

"Nilijua, bibi."

"Na chooni kwako hukumwaga."

"Fundi alinikataza. Alisema nitaua vijidudu vya shimoni."

Bibi akalitazama tuta lake. Hakupaza sauti. Akasema, "Kwa hiyo wale wa chooni uliwahurumia."

Basi.

Wapendwa, mnanitazama kama mnangoja niseme bustani ilipona. Haikupona kiangazi kile. Chumvi haitoki ardhini kwa kulia. Mama Lusajo alilia sana, na machozi nayo, kama mjuavyo, yana chumvi. Kilichotakiwa ni sufuria mbili jikoni kwake badala ya moja, moja ikishuka mlima kila siku mpaka mvua ije ioshe ule udongo. Ndivyo alivyofanya. Wajukuu walikula. Lakini hebu tusimpigie makofi. Alikuwa anarudisha tu alichokiua.

Tujitazame sisi. Sisi nasi ni watu wa huruma. Tunajua nini kinaharibu nyumba zetu, na hatukimwagi ndani. Hasira za kazini tunazimalizia kwa dada wa kazi, ili mume akirudi akute uso mzuri. Habari chafu tunazitoa nje ya familia yetu, zikashuke kwa jirani. Ndani kwetu panakuwa safi, tunasema Mungu ametusaidia. Na huko chini kuna mtu anayetuombea baraka, akidhani tunachomwagia ni wema wetu. Nami nawaambia, hilo ndilo linalonitisha, si laana ya adui. Linalonitisha ni shukrani ya mtu ninayemmaliza.

Siku ile Bwana atakapotuuliza, tutasema hatukujua. Mama yule naye aliweza kusema hivyo? Alijua chumvi inaua. Alijua maji yanashuka. Alijua bibi anakaa wapi, maana alinunua mboga kwake. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuwahi kuzunguka ukuta.

Dada yangu uliyekaa hapo, leo ibada ikiisha usipite njia ya kawaida kwenda nyumbani. Zunguka.