Mhunzi Aliyekataza Kuambiwa

Nitoe, nisitoe?
— Toa!
Ni ndefu kidogo.
— Tutaikunja!
Ina mwiba ndani.
— Utamchoma mwenyewe!

Basi kaeni vizuri. Wewe hapo nyuma, maliza kutafuna kwanza.

Palikuwa na mhunzi, zama zile jembe likifuliwa kwa nyundo, halinunuliwi dukani. Jina lake Senkondo. Ukoo wake ndio ulioshika moto wa nchi ile ya milimani, na aliyeshika moto ndiye aliyewafulia watu wote majembe. Akiupoteza, yeye na wanawe watakuwa watu wa kuomba jembe kwa wengine.

Kazi aliijua, siwezi kumsingizia. Lakini mkali! Alikuwa na mke, Namkunda, na alikuwa na mvukutaji, Mbonea, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyekaa chini kutwa nzima akisukuma mivukuto ili moto upate pumzi.

Siku moja Mbonea akasema, "Fundi, chuma kime..."

"Kazi yako nini?"

"Kuvukuta, fundi."

"Basi vukuta!"

Kesho yake: "Fundi, hilo jembe naona..."

"Kazi yako nini?"

"Kuvukuta."

"Vukuta!"

Siku ya tatu Mbonea alifungua mdomo tu, Senkondo akamwonyesha nyundo. Mdomo ukafungwa.

Na nyumbani je? Nyumbani ni yaleyale. Namkunda akianza, "Baba Kirita, kuna jambo," anajibiwa, "Jambo ni chakula. Kiko wapi?" Mwishowe bwana mkubwa akaweka sheria: "Mtu asiniambie neno nisilomuuliza. Kiwandani na nyumbani. Nimemaliza."

Mmeisikia sheria?
— Tumeisikia!
Wewe unayecheka, kwako ni nani aliyeiweka?

Haya. Senkondo akafua majembe arobaini, yakapelekwa kwa Mfumwa, mtawala wa nchi. Siku ya kwanza shambani, la kwanza likagonga udongo, pa! Vipande. La pili, pa! La tatu, pa! Hadi adhuhuri wakulima wamebaki na mipini mikononi.

Mfumwa akamwita mhunzi. Hakupaza sauti. Mwenye nguvu hana haja ya kelele.

"Senkondo, mawingu yameanza kukaa mlimani. Nataka arobaini mengine kabla ya mvua. Yakivunjika tena, moto nitaupeleka kwa ukoo wa ng'ambo ya mto."

Senkondo akarudi anafoka. "Mbonea, umevukuta kama mgonjwa! Namkunda, makaa uliyonichagulia ni takataka!"

Mbonea alivua ngozi yake ya kazi, akaitundika, akashika njia. Namkunda akamwahi penye ua.

"Shemeji, usiende."

"Nikae nifanye nini? Hata mbuzi akilia huulizwa ana nini."

"Ametuwekea sheria. Tuitii."

"Tuitii?"

"Sawasawa, bila kupunguza. Mpaka imchome mwenyewe."

Mbonea akacheka, mara yake ya kwanza tangu mavuno. Akarudi.

Kesho yake cheche ikaruka, ikatua kwenye ngozi aliyojifunga Senkondo, upande wa makalio. Moshi ukapanda. Mbonea anautazama, anavukuta. Moshi ukawa moto. Mbonea anautazama, anavukuta. Mara Senkondo akaruka kama panzi, akatumbukiza makalio kwenye pipa la maji.

"Mbona hukuniambia naungua?"

"Hukuniuliza, fundi."

Akarudi nyumbani mapema, mchana kweupe, makalio yanamwasha. Akaingia, akatupa ngozi ile pembeni, akabaki na kipande cha nguo kisichositiri kitu. Akamega ugali, akaanza: "Ugali gani huu? Mgumu kama wa mama yako! Yule mama hajui ugali, wala hakumfundisha mtu!"

Jamani. Kwa watu wale, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Na mama mkwe, aliyekuja kumtembelea binti yake akijua mkwe yuko kiwandani, alikuwa amekaa palepale, hatua tatu kutoka kwake, amejitanda shuka nyekundu.

Akakohoa.

Senkondo akatoka mbio mpaka nyuma ya zizi. Namkunda akamfuata na nguo ya kujisitiri mkononi.

"Mbona hukuniambia mama yupo?"

"Hukuniuliza, baba Kirita."

"Nikuulize nini! Mtu mwenye macho ange..."

Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa utosini. Shuka ilikuwa nyekundu. Na hakumwona.

Akakaa chini. Akauliza polepole, kama mtu anayejifunza kutembea: "Mama Kirita, kwa nini sikumwona?"

"Sasa umeuliza," alisema Namkunda. "Macho yako yanakwisha. Moto umeyala. Siku hizi unaipapasa kata ya maji iliyo mbele yako. Mimi najua. Mbonea anajua. Na mama naye sasa anajua. Umebaki wewe."

Senkondo akasimama, akapiga teke kibuyu, kikapasuka. Akakaa tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliyaficha hata asiyaone mwenyewe. Kila siku alisema ni moshi tu.

"Mhunzi asiyeona rangi ya chuma ni nini?"

"Ni mhunzi mwenye mvukutaji anayeona. Nenda kamuulize."

Akaenda. Njia fupi, lakini siku ile aliiona ndefu.

"Mbonea, siku zile ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba chuma kinaungua, fundi, na kilichoungua huvunjika. Kilikuwa kinatema cheche nyeupe motoni, nawe unasema bado."

"Mara ngapi?"

"Arobaini."

Mkono wa Senkondo ukaikaza nyundo. Mbonea akauona, akajikunja. Kisha nyundo ikawekwa chini.

"Nimekosa," alisema Senkondo. "Niambie rangi."

Wakawasha. Mivukuto ikapumua kwa namna ambayo haikupata kupumua.

"Rangi gani?"

"Pilipili iliyoiva."

"Bado. Sasa je?"

"Papai."

"Bado. Sasa je?"

"Ua la boga. Sasa, fundi!"

Senkondo akakodoa macho. Yalimwonyesha giza jekundu tu. Miaka yote ile aliyaamini hayo. "Bado, bwana! Naona bado!"

"Sasa, fundi! Toa!"

Akatoa. Akapiga. Chuma kikalia vizuri, kikanyooka kama unga uliokandwa.

Wakafua arobaini. Mawingu yakashuka hadi penye migomba, na majembe yakafika shambani. La kwanza likagonga jiwe: likalia, halikuvunjika. La pili halikuvunjika. La tatu halikuvunjika. Mfumwa mwenyewe akachukua moja, akachimba mpaka jasho likamtoka.

"Senkondo, mikono ni ileile. Umebadilisha nini?"

Senkondo angeweza kusema makaa. Nani angejua? Na ukoo wa ng'ambo ya mto ulikuwa umesimama palepale, unasubiri.

"Macho, Mfumwa. Yangu yamekufa. Natumia ya Mbonea."

Minong'ono ikapita. Mfumwa akamgeukia Mbonea. "Hakukaripii?"

"Ananikaripia sana, Mfumwa. Lakini siku hizi anasikiliza kwanza, ndipo anakaripia."

Watu wakaangua kicheko. Senkondo naye akatabasamu, upande mmoja tu.

"Moto ubaki ulipo," alisema Mfumwa. "Ila tangu leo, wakiuliza ni jembe la nani, isemwe ni la Senkondo na Mbonea."

Mnasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kweli. Na mkuu asiyesikia la mdogo? Huvunjika majembe arobaini, na wenye njaa ni watu wengine.

Mimi nimefika mwisho wa kamba yangu.
— Ifunge!
Nimeifunga. Ikiwa nzuri, nendeni nayo kwenu. Ikiwa mbaya, niambieni usoni, msinisemee njiani.
— Nzuri! Tumeichukua!