Hodi ya Mtu Mwenye Haraka

Kulikuwa na bwana mmoja, ndugu zangu, mdadisi kupita kiasi. Ukimkaribisha kahawa atakuuliza buni imelimwa wapi. Lakini jambo moja lilimnyima raha: hakujua kaburi la babu yake lilipo. Baba yake alifariki bila kumwonyesha, na sasa watoto wanamuuliza, "Baba, asili yetu wapi?" Naye anaona haya.

Basi akapanga safari ya gari, yeye na mkewe, kufuata pwani ya kale: Bagamoyo, Pangani, mpaka kijiji cha baba yake huko mbele. Aliwahi kusikia kwamba babu kazikwa kwenye magofu ya msikiti, kisiwani. Maji yakipwa unavuka kwa miguu. Yakijaa utayatazama magofu kwa mbali tu. Ah, bwana yule alipanga! Akaangalia mwezi, akauliza saa za maji kupwa na kujaa, akajua watalala wapi, watajaza mafuta wapi, hata mkate wa kumimina watakula wapi. Kila kitu na wakati wake.

Kijijini alikuwa na shangazi, mtu mzima sana, ndugu pekee wa baba yake aliyebaki. Naye alipangiwa nafasi yake: salamu, kisha mbio kisiwani. Bwana akasimama mlangoni, jicho kwenye saa.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya.

"Baba Mwanahawa, ngoja kidogo," mkewe akasema. "Mtu mzima huyo, mpaka ainuke."

"Nimepiga hodi tatu. Dini yenyewe inasema tatu, usipojibiwa urudi. Maji hayatungoji."

Mnaona? Sunna imegeuzwa kisingizio! Na hizo hodi tatu kazitoa kwa pumzi moja.

Wakavuka. Akazunguka magofu yote, akapapasa kila kaburi, maandishi yamefutika. Akawauliza akina mama waliokuwa wakichokoa pweza.

"Muulize shangazi yako," wakamwambia. "Mambo ya kwenu anayajua yeye."

Maji yakaanza kujaa. Akarudi kaloa suruali, na baridi imemwingia moyoni. Akakuta mlango wa shangazi u wazi, bibi kaketi kizingitini, ufagio mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Nilipita, nikapiga hodi..."

"Marahaba, mwanangu. Nilikusikia. Nikaitika karibu, ila sauti yangu haifiki mbali siku hizi. Nilikuwa uani."

"Ukifanya nini, shangazi?"

"Nikifagia kaburi la babu yako. Niliambiwa unakuja, nikataka ulikute safi."

Kaburi, ndugu zangu, lilikuwa nyuma ya mlango ule ule! Bwana akakaa chini pale pale, akalia.

Sasa tumcheke yeye, au tujitazame sisi? Si sisi tunaosema, "Ya Rabbi, Ya Rabbi," kwa pumzi moja, halafu viatu mkononi, mbio? Kisha tunalalamika: nimeomba, sikujibiwa. Umejuaje? Ulikuwepo? Mola wetu hachelewi, wala sauti yake haikupungua. Sisi ndio tunaowahi kuondoka, tukamtafute ng'ambo, na jibu liko hapa hapa nyumbani.

Leo tukishatoa salamu ya kumaliza sala, kuna wenzetu ambao mguu mmoja huwa tayari uko mlangoni. Mnajijua. Nawaomba leo mkae. Mmeshapiga hodi, basi ngojeni mkaribishwe.