Saa ya Riyadhi

Muksini alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko la Bukoba, na pikipiki moja nyekundu aliyoinunua kwa jasho lake. Hakuwa tajiri, wala hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Duka lilimlisha na kumvisha, mama yake alipata sukari na dawa bila kugonga mlango wa jirani, na mafundi wa mjini walimwamini kwa sababu hakuuza kifaa bandia akakiita halisi. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda kujipima kwa pishi za watu wengine. Mwenzake akiezeka nyumba, usingizi ulimpaa. Mwenzake akioa kwa shangwe, alirudi nyumbani kimya kama aliyetoka mazikoni.

Alimpenda Zabibu, mwalimu wa chekechea huko Izigo, wilayani Muleba. Walikutana harusini Kaagya, na tangu hapo Muksini alikuwa akimfuata kwa pikipiki yake kila alipopata nafasi. Walisimama njia panda wakazungumza hadi jua likapoa. Zabibu hakuwahi kumuuliza ana nini. Alipoona uhusiano umekomaa, aliwaeleza wazazi wake ukweli mtupu: mchumba wake ni muuza vipuri, ana pikipiki, ana mama anayemtunza. Baba yake, Mzee Mustapha, mkulima wa kahawa na ndizi, alisikiliza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Posa ikapelekwa na mshenga, Mzee Rwekaza wa Kanazi, ikapokewa vizuri. Ilibaki siku moja tu, Jumamosi ya mwezi wa Septemba, ambapo Muksini aliitwa kwenda kupokea jibu kwa masikio yake mwenyewe.

Ndipo mdudu wa wivu alipomtafuna. Alikumbuka kwamba Hafidha, dada yake Zabibu, aliolewa na mfanyabiashara wa Mwanza aliyefika Izigo kwa gari kubwa jeusi, na kwamba gari hilo lilisimuliwa kijijini mwaka mzima. Akajiona akishuka kwenye pikipiki huku kanzu imejaa vumbi jekundu, na wajomba wakitazamana. Wazo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Rafiki yake wa utotoni, Riyadhi, alikuwa mnunuzi wa mabondo ya sangara, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ng'ambo kwa bei kubwa. Kazi hiyo ilimpeleka visiwani mara kwa mara, na ilikuwa imemnyookea. Mwaka huo alileta gari la umeme, la kwanza mtaani kwao. Lilikuwa jeupe kama yai la kuku, na lilipotembea halikusikika ila mchakacho wa kokoto chini ya matairi. Kilichowashangaza watu zaidi ni kwamba halikuwa na ufunguo wa chuma. Ufunguo wake ulikuwa saa aliyoivaa Riyadhi mkononi.

Asubuhi ya Jumamosi ile Muksini alimkuta Riyadhi mwaloni, boti zinapotia nanga, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya boti.

"Nisaidie, ndugu yangu," alisema. "Leo tu. Nataka wakwe wanione mtu."

"Kwani wamekuona nini siku zote?" Riyadhi aliuliza.

"Usinitanie. Wewe unajua."

Riyadhi alicheka. Hakuwa mchoyo. Alivua saa, akamfunga Muksini mkononi, akabonyeza namba za siri kwenye kioo chake. "Ukilisogelea gari, linafunguka. Ukiketi, linawaka. Sharti ni moja: usiivue. Ikitoka mkononi inajifunga yenyewe."

"Na ufunguo wa akiba?"

"Kuna kadi, lakini nimeifungia nyumbani na mke wangu yuko safarini. Wewe usiivue tu, basi." Mabaharia walikuwa wakimwita kwa kelele. Boti ikaondoka, na kati yao wawili hakuna aliyekumbuka suala la namba.

Muksini alimpitia mshenga Kanazi. Mzee Rwekaza alilizunguka gari mara moja, akapapasa bodi yake, akaingia, akajifunga mkanda.

"La nani hili?" aliuliza walipofika barabara kuu.

"Letu, mzee."

"Letu sisi na nani?"

Muksini alicheka, akaongeza mwendo. Mzee Rwekaza hakuuliza tena. Alikuwa amewasindikiza vijana wengi kwa wakwe, na alijua kwamba kicheko mahali pa jibu nacho ni jibu.

Walipofika Izigo, njia ya kuingia kwa Mzee Mustapha ilikuwa nyembamba, imebanwa na vichaka vya miramura vilivyopandwa pande zote mbili kuwa mpaka wa kibanja, shamba lake la migomba na kahawa. Mshenga alishauri gari liachwe barabarani, palipokuwa na nafasi ya kutosha. Muksini hakukubali. Alisema huko halitakuwa salama, akaliingiza polepole hadi kwenye mdomo wa ua, mahali ambapo kila aliyekaa barazani angeliona. Majani ya miramura yaligusa milango ya pande zote mbili.

"Karibuni, waitu, karibuni," Mzee Mustapha aliwapokea kwa heshima ya Kihaya. Walikaribishwa ndani, wakapewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kama ilivyo heshima ya mgeni. Wajomba wawili walikuwapo, na mama yake Zabibu alikuwa ameketi mkekani. Mazungumzo yalianza kwa habari za afya na mvua, yakafika kwenye gari, kama Muksini alivyotarajia. Mzee Mustapha alikohoa kidogo.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa kuuliza. Zabibu alituambia mchumba wake ana pikipiki. Leo tunaona gari, tena gari lisilo na sauti. Tushike lipi?"

Zabibu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alimtazama Muksini bila hasira, akisubiri. Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa jepesi kuliko swali. Angesema, "Nimeazima kwa rafiki," wazee wangecheka, na siku ingeendelea. Lakini Muksini alimwangalia mjomba mmoja aliyekuwa bado amegeuza shingo dirishani akilitazama gari, na ulimi ukamteleza.

"Wasichana nao, Tata!" alisema huku akicheka. "Pengine Zabibu alitaka kuwashtukiza. Gari ninalo kitambo sasa."

Mzee Mustapha alimgeukia binti yake. "Kumbe ulitudanganya, mwanangu?"

Zabibu aliliweka sinia mezani taratibu. "Nisamehe, Tata," alisema, akaingia ndani.

Adhuhuri ilipoingia wanaume walikwenda nyuma ya nyumba kutawadha. Mjomba mmoja alishika birika, akawamiminia maji kwa zamu. Zamu ya Muksini ilipofika alikumbuka sharti la Riyadhi. Saa ilikuwa imembana mkononi kama pingu. Alijaribu kuisukuma juu, haikusogea. Udhu usiofika mkono mzima si udhu, na kila mmoja pale alilijua hilo. Mjomba alisubiri birika likiwa limeinama. Muksini akajiambia kwamba akiivua na kuirudisha upesi, haitatambua. Akaivua, akaitia mfukoni, akatawadha.

Baada ya swala aliivaa tena. Kioo kilionyesha kufuli dogo, na chini yake nafasi nne tupu za namba.

Alitoka kidogo kama mtu anayepunga upepo, akalisogelea gari. Halikufunguka. Akampigia Riyadhi, simu ilijibu kwamba mteja hapatikani. Alirudi kula. Ndizi, maharage na nyama ya mbuzi vilipita kinywani mwake kama maranda. Kila baada ya muda alinyanyuka kwenda kupiga simu, hadi simu yenyewe ikakaribia kuzima. Akaomba kuichomeka ukutani sebuleni.

Mama mkwe alikuwa anaondoa vyombo honi ilipolia barabarani. Lilikuwa lori la chama cha msingi cha ushirika, limekuja kuchukua kahawa ya maganda. Magunia ya Mzee Mustapha, mavuno ya msimu mzima, yalikuwa yamepangwa ghalani nyuma ya ua, makavu na yamefungwa. Lori lilitakiwa kuingia hadi ghalani. Lilikuta njia imezibwa na gari jeupe.

"Mkwe," Mzee Mustapha alisema kwa upole, "tusogezee gari kidogo."

Muksini alisimama kando ya mlango wa gari, akaigusa saa hapa na pale. "Mtandao unasumbua, Tata."

Wakangoja. Upande wa ziwani mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, meusi kama kitako cha sufuria. Karani wa chama alishuka kutoka kwenye lori akauliza kuna nini. Muksini alisema sasa kwamba amesahau namba.

"Mtu husahau namba ya mlango wake?" Mzee Mustapha aliuliza. Haikuwa kejeli, alitaka kujua. 

Wanaume walijaribu kulisukuma, lakini magurudumu yalikuwa yamejifunga na gari likakaa kama jiwe la msingi. Karani akasema hawezi kungoja, ana vijiji vingine mbele. Basi ikabidi kahawa ibebwe hadi barabarani. Mzee Mustapha mwenyewe, na umri wake, aliinamisha mgongo akatwikwa gunia. Wajomba walibeba. Zabibu na mama yake walibeba moja kwa kusaidiana, wakijipenyeza kati ya gari na miramura, nguo zikikwaruzwa na matawi. Muksini alivua koti akabeba pia, kanzu yake nyeupe ikageuka rangi ya maganda. Mzee Rwekaza, ambaye mgongo haukumruhusu, alisimama barabarani akihesabiana na karani.

Mvua iliwakuta katikati ya kazi. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika kwa pamoja kama iliyokatiwa kamba. Magunia yaliyokuwa yamefika juu ya lori yalifunikwa turubai. Yaliyokuwa njiani na yale yaliyotolewa ghalani yalilowa yakawa mazito. Karani aliyapapasa, akatikisa kichwa.

"Mzee, kahawa iliyolowa siwezi kuipokea. Ianikeni upya. Pole sana." Lori likaondoka.

Wakati huo huo, sebuleni, simu ya Muksini ililia. Mzee Mustapha alikuwa ameingia kujifuta maji. Alitazama mlangoni, akamwona mkwe wake bado anahangaika na magunia mvuani, akaona si vibaya kumpokelea.

"Shikamoo," ilisema sauti iliyochanganyika na upepo. "Mimi Riyadhi. Nimekuta simu nyingi, nilikuwa kisiwani hakuna mtandao. Muksini yupo?"

"Marahaba. Mimi ni baba yake Zabibu. Anabeba magunia. Gari limekataa kufunguka."

"Lo! Ameivua saa yangu, nilimwambia asiivue! Basi mzee, niandikie namba hizi umpe." Akazitaja. "Na mwambie asiwe na wasiwasi na gari langu, alitumie tu hadi kesho nikirudi. Hongereni kwa shughuli. Muksini ni kijana mzuri sana, mzee. Msimnyime mtoto."

"Ahsante, mwanangu," Mzee Mustapha alisema.

Alikata jani la mgomba, akajifunika, akamfuata Muksini kwenye gari. Alisema kwa sauti ya kawaida, ingawa watu wote walikuwa wamesimama barazani kujikinga mvua.

"Riyadhi amepiga. Namba za saa yake ni hizi." Akamsomea. "Amesema gari lake ulitumie hadi kesho."

Muksini alibonyeza namba. Milango ililia mara moja, ikafunguka. Mjomba aliyekuwa akilitazama gari tangu asubuhi aligeuza uso.

Walirudi ndani, maana jibu lilikuwa bado halijatolewa na adabu iliwataka walitoe. Mzee Mustapha aliketi, nguo zikimchuruzika.

"Jibu tulilolala nalo lilikuwa ndiyo," alisema. "Tulimpa mwenye pikipiki. Kahawa itakauka tena; sina ugomvi na kahawa. Lakini mwenye kuolewa si mimi. Zabibu, mwanangu, kwanza nisamehe kwa neno nililokuambia asubuhi. Pili, sema."

Zabibu alisimama karibu na mlango. Alimgeukia Muksini, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Kuazima gari nimekusamehe. Hata ungenipigia simu asubuhi ukaniambia, ningecheka nikakupa pole. Lakini baba alipouliza, ulikuwa na nafasi ya kuchagua kati yangu na saa. Ulijivika saa ya watu, mimi ukanivua heshima mbele ya wazazi wangu. Siwezi kuolewa na wewe."

Muksini alifungua kinywa. Aliyafikiria maneno yote aliyoyazoea, akaona hakuna hata moja lililo lake. Akanyanyuka, akawaaga wazee.

Wakarudi. Gari la umeme halina mngurumo wa kujificha ndani yake, na Mzee Rwekaza alisikia kila pumzi ya kijana aliyeketi kando yake. Walipofika Kanazi alishuka, akashika mlango. "Ungeniambia ukweli nilipokuuliza njiani, mimi ningewaambia wakwe kwa niaba yako," alisema, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye Muksini alirudi Izigo kwa pikipiki yake, kanzu imejaa vumbi jekundu kama alivyoogopa. Alimwomba radhi Mzee Mustapha, akashinda kutwa akigeuza kahawa mkekani pamoja nao. Walimpokea vizuri, wakampa chakula, na hakuna mjomba aliyelitazama vumbi lake. Zabibu alimsalimu kwa heshima na kumshukuru kwa kazi. Jibu lake halikubadilika.

Ndipo Muksini alipoyaelewa maneno ya wahenga, nasi tukathibitishiwa: nguo ya kuazima haisitiri matako.