Majiko ya Chapa ya Jogoo

Mtu mmoja alikuwa na nyundo aliyoirithi kwa baba yake, na pamoja na nyundo hiyo alirithi desturi. Jina lake Mbaruku, fundi wa majiko ya mkaa. Kwao jiko halikutoka kibandani mpaka fundi alipande mbele ya mnunuzi. Analiweka chini, anavua makubadhi, anasimama juu ya ukingo wake kwa miguu miwili, mwili wote, kisha anamwuliza mnunuzi hali ya watoto nyumbani. Mnunuzi akishajibu kwamba hawajambo, ila yule mdogo ana kikohozi, na jiko bado limetulia kama jabali, ndipo fundi anashuka na kulipiga chapa ya jogoo. Marehemu baba yake alikuwa mnene, mnene hasa, na watu walisema unene ule ndio dhamana yao. "Akipanda huyu lisibonyee," walikuwa wakisema, "basi hata nyumba ikianguka, mimi nitapika."

Basi yakaja majiko ya ng'ambo. Yalikuja yanang'aa, mekundu na ya buluu, mepesi hata unaweza kulining'iniza moja kidoleni, na bei yake ya kutupa. Duka lililotazamana na kibanda likayapanga mpaka barazani. Watu wakavuka barabara. Mbaruku akabaki anasikiliza kimya, na kimya kwa mtu wa nyundo ni kitu kibaya.

Hakungoja. Aliagiza ng'ambo, kwa wale wale waliotengeneza yale mekundu, wamtengenezee na yeye, na chapa ya jogoo waipige huko huko. Watu wa ng'ambo walikuwa waungwana. Waliuliza jambo moja tu: bati liwe nene kiasi gani? Naye Mbaruku, kwa kinywa chake mwenyewe, akasema liwe jembamba.

Wee, siku yaliposhushwa! Kina mama walisukumana mlangoni. "Ya Mbaruku haya! Ya jogoo haya! Hebu nipishe, nawe huna hata sufuria!" Wakanunua jina, wakaenda nalo kichwani. Mbaruku akacheka hata na wapita njia asiowajua. Nyundo ikatundikwa ukutani. Desturi nayo ikaondoka bila kufukuzwa na mtu. Aliyeuliza, "Mbona siku hizi hupandi, fundi?" alijibiwa, "Nimenenepa, mwanangu, nitakuharibia jiko lako." Watu wakacheka, maana kweli alikuwa amenenepa.

Tuseme haki, majiko yale yalipika. Yalipika, kisha yakaanza kutoboka chini. Mguu ukapinda, mlango ukadondoka. Bi Kidawa, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, la kwake alilikaza kwa waya, akaliegemeza kwenye kipande cha tofali, akawa anakaanga mkono mmoja umeshika kijiko na mwingine uko tayari kudaka kikaango mafuta yasimwagike. Hakwenda kulalamika. Alidhani kosa ni lake. Alijiambia mkono wake ndio mzito, maana jiko la Mbaruku lingewezaje kuwa bovu?

Na nyumbani kwa Mbaruku, mkewe Bi Tatu alikuwa akipikia jiko gani? Jeusi tii, lile alilolifua marehemu mkwewe. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Ikafika siku ya kupeleka vyombo vya binti yao, Zuwena, kwa mumewe. Kwa mafundi wa majiko, siku hiyo baba hulipanda jiko la bintiye mbele ya wakwe, ili wajue kwamba binti anatoka kwa watu wa kweli. Lo, uwanja wa Mbaruku ulijaa! Ngoma inalia, kanga mpya zinanukia, vyombo vinatolewa ndani vichwani, sufuria, kawa na mikeka, na juu ya kichwa cha mwisho jiko jekundu la chapa ya jogoo, limefungwa utepe. Wakalitua katikati. Wakwe wakakaa mkekani. "Panda, mzee! Panda tukuone!"

Mbaruku akavua makubadhi, akasogea, akalitazama. Unene wa bati lile aliujua, aliutaja mwenyewe. Akajiona amelala chini na jiko limebonyea, wakwe wanatazamana, na mwanawe anaondoka nyumbani na kicheko mgongoni, kicheko cha kumfuata maisha yake yote. Mguu ukakataa kuinuka.

Ghafla akageuka, akaingia jikoni mbio mbio, akamwaga majivu, akatoka amelikumbatia lile jeusi, kanzu yake nyeupe imeingia masizi kifua kizima.

"Hilo la nini tena, baba Zuwena?" Bi Tatu akapiga kelele nyuma yake.

Mbaruku akalitua, akalipanda, akasimama wima, akamgeukia mkwe. "Watoto hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo," mkwe akasema, "ila yule mdogo ana mafua."

Jiko likatulia. Vigelegele vikapasuka! Ngoma ikapanda, Zuwena akalia kwa furaha ndani ya ushungi wake, na Mbaruku pale juu akainua mikono kama mtu aliyepona homa.

Lakini kina mama wana macho. Vigelegele vikapungua upande mmoja, kisha upande wa pili. Wakalitazama jekundu lenye utepe, lililosukumwa kando. Wakalitazama jeusi lililo chini ya nyayo za fundi. Bi Kidawa akatoka uwanjani bila kuaga, na punde akarudi, jiko lake la waya kichwani, masalio ya unga wa vitumbua bado ukingoni. Akalitua mbele ya Mbaruku.

"Fundi," akasema, "panda na langu."

Ngoma ikanyamaza. Kisha uwanja ukalipuka! "Ngojeni, asipande bila langu!" Wanawake wakatawanyika wakikimbia, kanga zinapepea, makubadhi yanaachwa njiani, na wakwe wakasimama juu ya mkeka wapate kuona vizuri. Majiko yakaletwa, yaliyotoboka, yaliyopinda, hata jipya ambalo halijawahi kuonja moto. Yakapangwa safu mpaka barabarani, na kila moja lina jogoo.

Mbaruku akatafuta pa kuweka macho. Yakaangukia kwa bintiye. Zuwena alikuwa ameinua ushungi. Hakumwonea haya baba yake wala hakumhurumia. Alikuwa akingoja tu, kama anavyongoja mnunuzi.

Akashuka. Akapanda la Bi Kidawa. Likalala bapa kama chapati. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Akapanda la jirani yake, nalo bapa. Lililofuata akalirukia kwa miguu miwili. Hapo mpiga ngoma, mkorofi yule, akaanza kumfuatisha: pigo moja, jiko bapa, pigo jingine, jiko bapa. Watu wakapiga makofi, wengine wanalia, wengine wanacheka mpaka wanashikana mabega, na Mbaruku anaruka kutoka jiko hadi jiko, jasho linamchuruzika, kanzu imepasuka pindo, mwepesi kuliko alivyokuwa tangu nyundo ilipopanda ukutani. La mwisho kabisa akalirukia lile jekundu lenye utepe.

"Kila mwenye bapa lake," akasema akihema, "aje kwangu. Nitamfulia jingine, na nitalipanda."

Jioni ile mtaa mzima ulikuwa na jiko moja, lile jeusi. Likawashwa pale pale uwanjani, sufuria moja ikitoka, nyingine inakaa, wali wa huyu, mchuzi wa yule, na mwisho kikaango cha Bi Kidawa, naye akakaanga kwa mara ya kwanza mkono wake mmoja umepumzika pajani. Bibi harusi alichelewa kwa mumewe, maana jiko lake lilikuwa bado linawapikia majirani. Na kule kibandani nyundo ilikuwa imekwisha kushuka ukutani, inalia.

Nawe uliyeketi hapa na jina lako zuri, katika yote uliyowapa watu kwa jina hilo, ni lipi utakalolipanda kwa miguu miwili mbele ya mwanao?